Mke Mwenza wa Magurudumu Mawili

Jumatano, tarehe 5
Nyumba ya wageni, chumba namba tatu

Wifi yangu wa zahanati,

Nimefika kituo cha kwanza. Nimeanza na hilo maana nakujua, umeshavaa miwani na umeshasonya. Kilomita arobaini na mbili kwa siku mbili, wifi, na miguu yote miwili ninayo, ingawa leo asubuhi iligoma kuniambia majina yake. Mwandiko unapanda mlima kwa sababu naandikia juu ya goti, kwa hiyo inamisha kichwa ukisoma.

Simu yangu usiitafute. Iko kwenye kopo la vifungo, chini ya vifungo vya mashati. Mwanangu akipiga vifungo vitatetemeka, ndiyo salamu zake. Ningeibeba angenipigia kila kwenye kilima: mama umefika wapi, mama umekunywa maji. Barua atazileta na kuzichukua yule dereva wa basi tunayemwita Miwani, asubuhi anakwenda, usiku anarudi, na barabara ni hii hii moja. Tumeshaelewana naye, nitamrekebishia suruali zake zote nikirudi.

Sasa wewe ndiye shahidi, nataka maneno ya mwanangu yaandikwe kwa wino asije akayakana. Alisema hivi, umekaa pale pale mlangoni unachambua mchele: "Mama, tangu uanguke kwenye kigoda ukining'iniza pazia la mteja, mimi silali. Chumba cha uani kwangu kiko tayari, njoo upumzike." Nikamwambia kupumzika ni kazi ya wagonjwa. Akasema, "Wewe hata kwangu huwezi kufika bila kushikwa mkono." Nikamwambia nitafika na baiskeli ya baba yako. Akacheka mpaka chai ikamtoka puani. Halafu akasema, na wewe ulisikia: "Ukifika kwa baiskeli, kilomita zote mia tatu na themanini, bila kupanda gari hata hatua moja, kabla jua halijazama tarehe 30, sitataja tena hicho chumba mpaka nife. Ukipanda gari mara moja tu, cherehani inahamia kwangu na wewe juu yake." Tukashikana mikono. Kwa hiyo, wifi, mimi sitembei kwa starehe. Naikanyagia cherehani yangu.

Ila starehe ipo, nisikudanganye! Mifuko ya pembeni niliyoshona kwa lile turubai la kijani imenikaa vizuri ajabu, mmoja kulia mmoja kushoto, uzito sawa, niliipima kwa mizani ya duka la sukari. Ukiweka vizito upande mmoja baiskeli inaanza kukuvuta kama mlevi anayetaka kwenda kwake. Chini nguo, juu chakula, mfuko mdogo wa mbele una sindano, uzi, mkasi, na maji yenye chumvi kidogo na sukari kidogo kama ulivyoniambia wewe, ingawa uliniambia kwa kununa.

Na huyu mke mwenza wangu, si unajua ndivyo ninavyomwita? Kaka yako alikuwa anampaka mafuta kila Jumapili, mimi ananipita bila hata kuniangalia nimevaa nini. Miaka ishirini na sita nimemwonea wivu mwenye keria. Sasa mume ni marehemu, tumebaki wake wawili, na nakwambia tunapatana kuliko alipokuwepo.

Lakini jana tuligombana. Alipata pancha. Mimi nikajiambia, fundi mzima niliyeshona magauni ya harusi nitashindwa na kitundu? Nikatoa tyubu, nikatoa sindano, nikaishona. Wifi, niliishona vizuri! Mshono mdogo mdogo wa kuficha, hata wewe usingeuona. Nikapiga pampu. Badala ya tundu moja nikawa na matundu kumi na tisa, yote yanapiga filimbi.

Akapita mwuza maziwa na baiskeli yake, akashuka, akaangalia, akakaa chini kabisa kwenye majani akicheka. "Mama, umeidarizi?" Ndiye akanionyesha: unasugua mpira mpaka uwe mkavu, unapaka gundi, unasubiri ikauke kidogo, hapo ndipo watu wanapokosea, wana haraka, halafu unabandika kiraka na kukandamiza kama unabandika kola. Alibandika viraka vitatu. Na mimi nikamshonea kwapa la shati lake hapo hapo, amelivaa.

Nisalimie uani kwetu. Usiwape mashati wateja wasio na karatasi ya malipo.

Wifi yako wa cherehani

*

Alhamisi, tarehe 6
Nyumbani

Wifi wa cherehani,

Barua imefika ikiwa na alama ya kidole cha grisi kwenye jina langu. Nashukuru.

Hayo ya kushona tyubu nilimsomea daktari kazini. Aliweka sindano chini akacheka mpaka akatoka nje, na mgonjwa akabaki amelala kifudifudi na suruali nusu mlingoti. Umetuaibisha mpaka wodini.

Mimi naandika mawili matatu, sina maneno ya kumwaga kama wewe. Kazi yangu ni kupokea wagonjwa mpaka saa tisa, halafu nafungua chumba chako mpaka saa kumi na mbili. Mashati mawili yamechukuliwa. Mama mwenye duka la sukari amekuja kukuulizia mara tatu, anataka umbea tu, nikamwambia umekwenda kuhiji kwa mkanyago.

Msimamo wangu unaujua. Mwanamke wa miaka hamsini na moja juu ya baiskeli ni kichekesho. Niliyasema mbele yako, sirudi nyuma. Lakini mwanao naye amezidi, kwa hiyo fika.

Swali la kazi. Kuna mteja anataka sketi ambayo kwa mbele inaonekana sketi lakini kwa ndani imegawanyika kama suruali, isimbane wala isiingie mahali ikanaswa. Anasema anapanda ngazi kazini kwake. Nimwambieje?

Na jingine, la kuuliza tu. Kaka yangu alipokuwa anakufundisha pale uani, alikuwa anakwambia uangalie wapi? Chini kwenye gurudumu au mbele?

Wifi yako wa zahanati

*

Jumanne, tarehe 11
Nyumba ya wageni yenye bomba la uani

Wifi wangu,

Mteja gani huyo? Anapanda ngazi ya wapi? Ni yule anayepaka rangi nyumba? Ni mke wa fundi umeme? Huwezi kunipa sketi bila mtu, nitapasuka huku. Niandikie hata herufi yake ya kwanza.

Sketi yenyewe ni rahisi. Kata kama suruali pana sana, katikati uongeze kipande cha pembe nne ili akipanua miguu kitambaa kisilalamike, halafu mbele weka kipande kimoja bapa cha kufunika mgawanyo. Pindo la chini liwe na vifungo viwili vya kubana kifundoni. Mimi huku nabana na pini za nguo, siku ya pili cheni ilinila upindo wote wa kulia. Nitumie vipimo vyake nikukokotolee kitambaa.

Kaka yako alikuwa anasema angalia mbele, pale unapotaka kwenda. Shimo ukilikazia macho utalifuata. Mimi nilikuwa nakuangalia wewe umekaa kibarazani umenuna, ndiyo maana kila siku nilikuwa nakuja kugonga ndoo zako.

Sasa sikia raha. Ijumaa nilisukuma mlima saa nzima na nusu, nimeinama kama nafua. Jasho mpaka kwenye kope. Nikafika juu, nikanywa maji, nikala yai na mkate, nikapanda. Wifi! Kilomita sita za mteremko! Miguu imetulia, mikono kwenye breki, upepo unaingia kwenye mikono ya blauzi mpaka nikavimba kama puto. Watu shambani wakanyanyuka wakapunga mikono, na mimi napiga kengele tu, nikawa nimesahau wimbo wowote ninaoujua, nikaimba vipimo. Kifua thelathini na nane! Kiuno thelathini na mbili! Mbuzi wakanipisha.

Nimejifunza mambo. Unaondoka saa kumi na mbili asubuhi, saa tano umeshatafuta kivuli. Unakula kabla njaa haijaja, ukiisubiri inakuja na kaka zake wote. Unashuka kila baada ya saa moja kunyoosha, na kiti unakivalisha mto. Wangu nimeushona kwa sponji mbili na nafasi katikati, sisemi nafasi ya nini, wewe ni mtu wa zahanati.

Lakini kuna jambo lazima niliungame. Jumapili mvua ilinikamata mahali hakuna hata banda. Akaja mtu na trekta lenye tela, anabeba matofali, akasema mama panda. Nilikuwa nimelowa mpaka mawazo. Nikapanda, mimi na mke mwenza, tukakaa juu ya matofali. Kilomita tisa. Mvua ikakatika, jua likatoka, ndege wanaimba, na mimi nahesabu kilomita kwa vidole, maana nimepanda gari. Nikajitetea: trekta si gari. Nikajijibu: lina injini. Nikajitetea: hakuna aliyeona. Nikajijibu: mke mwenza ameona.

Mwenye trekta akashangaa namwambia asimame. Nikageuza, nikarudi kilomita zote tisa kwa kukanyaga baiskeli mpaka kwenye lile jiwe aliponichukulia, nikaligusa, nikageuza tena. Kwa hiyo jumla nimeendesha kumi na nane ili nipate tisa. Wewe ndiye shahidi, hukumu. Nimo bado au nimeshatoka?

Wifi yako wa cherehani

*

Jumatano, tarehe 12
Nyumbani

Wifi wa cherehani,

Hukumu: umo. Mwanao alisema kilomita zote ziwe za baiskeli, na zote ni za baiskeli, na tisa zimezidi. Nimeandika kwenye kitabu cha wagonjwa ukurasa wa nyuma, nimepiga muhuri.

Ila hizo kilomita sita za mteremko zimenitia wasiwasi. Mikono "kwenye breki" ndiyo nini? Breki ipi? Ya nyuma kwanza, polepole, ya mbele ndiyo inafuata. Ukibana ya mbele peke yake inakutupa juu ya usukani kama gunia, na changarawe zinaingia kwenye viganja hazitoki hata kwa kibano. Nimesikia tu kwa watu.

Vipimo vya mteja: kiuno 38, nyonga 44, kiuno mpaka kifundoni 37. Nyonga ya kushoto imepanda nusu inchi kuliko ya kulia, nakutajia usije ukasema sikupima vizuri. Jina hataki litajwe. Acha kuwashwa.

Chumba chako siku hizi nakifunga saa kumi. Nina mambo yangu.

Wifi yako wa zahanati

*

Jumatatu, tarehe 17
Nyumba ya wageni karibu na soko

Wifi wangu mpenzi mwenye mambo yako,

Una mambo? Tangu lini? Miaka ishirini na sita tunachangia ua mmoja, sijawahi kukuona una jambo nisilolijua. Ni mwanamume? Kama ni mwanamume sema, nitageuza hii baiskeli sasa hivi, nitafika kesho na gauni limeshakatwa.

Huku ninazidi kujulikana. Habari zangu zinanitangulia kwenye basi la Miwani. Nikifika mahali nakuta mtu ananisubiri na zipu iliyoharibika. Jana nimeshona mkoba wa mwalimu, pazia la msusi na koti la mtu ambaye hajasema ni nani, nikapewa malazi bure na ndizi nisizoweza kubeba. Mke mwenza analalamika, keria inalia kwii, kwii. Nimemtia mafuta kwenye cheni. Nilivyomfuta na kitambaa nikajikuta namsemesha kama alivyokuwa anamsemesha kaka yako, "haya mama, tulia, geuka." Nikacheka peke yangu. Nilidhani alikuwa ananikimbia mimi siku za Jumapili. Kumbe kuna utulivu fulani kwenye kufuta spoki moja moja.

Nimemaliza kilomita mia mbili na arobaini. Zimebaki mia moja na arobaini na siku kumi na tatu. Naweza hata kulala mchana.

Kitambaa cha sketi mita mbili na nusu. Lakini wifi, hizo namba. Nimezigeuza kichwani barabara nzima. Mimi uso nasahau, jina nasahau, kiuno sisahau. Hizo namba kuna mahali nimekutana nazo.

Wifi yako wa cherehani

*

Jumanne, tarehe 18
Nyumbani

Wifi,

Usihangaike na namba. Sketi imeshashonwa kwa kitambaa cha kukisia, mteja ameridhika. Mwandiko ukiuona mbaya ni kalamu.

Hakuna mwanamume. Nyamaza uendeshe.

Wifi wa zahanati

*

Ijumaa, tarehe 21
Nyumba ya wageni kando ya stendi

Wifi yangu,

Leo sina mzaha. Miwani amefika hapa asubuhi, nikampa chai, nikamkalisha, nikamwambia nipe habari za nyumbani zote hata zile ulizokatazwa. Akawa anaangalia kikombe. Nikamwambia, "Kaka, suruali zako nne ziko mikononi mwangu." Akasema.

Amesema unachechemea. Amesema una bandeji magoti yote mawili na mkono wa kulia umefungwa, kumbe ndiyo kalamu yako hiyo. Amesema kwenye benchi hukai, unasimama kama askari. Amesema unatoka alfajiri, unarudi umelowa jasho, na mama wa duka la sukari alipokuuliza ukamjibu unatoka kwenye matibabu.

Na namba nimeshazikumbuka. Niliamka nazo. Hakuna mtu duniani mwenye nyonga ya kushoto iliyopanda nusu inchi isipokuwa wewe, nimekushonea tangu ulipokuwa msichana. Mteja wa ngazi ni wewe! Lakini mwezi uliopita nilikupima kiuno arobaini na nyonga arobaini na sita. Sasa thelathini na nane na arobaini na nne. Inchi mbili, wifi. Inchi mbili kwa wiki mbili. Hakuna ngazi. Umekonda, huwezi kuvaa nguo ya kubana juu ya hizo bandeji, na umenificha ili nisiache safari.

Nimekaa na hili kutwa nzima. Nimemwangalia mke mwenza, ameegemea ukuta, hajui kitu. Zimebaki kilomita tisini tu. Nikifunga macho naona mlango wa mwanangu. Lakini mimi niking'ang'ania chumba cha kushonea, halafu nirudi nikute upande wa pili wa ua hakuna mtu wa kunisonya, hicho chumba nitakifanyia nini?

Kesho Jumamosi napanda basi la saa sita, narudi kwako. Mwanangu atakuwa ameshinda, na awe ameshinda. Nitahamia huko uani kwake tukishakutibu, na wewe nitakubeba. Usibishe. Usinywe dawa za kubahatisha. Weka maji ya moto.

Wifi yako

*

Jumamosi, tarehe 22
Asubuhi, Miwani ananipigia honi

USIPANDE BASI.

Wifi, usipande, usipande, kama umepanda shuka. Siumwi! Sijawahi kuwa mzima kama sasa hivi.

Najifunza baiskeli.

Ndiyo. Cheka, umalize, halafu endelea kusoma.

Ile baiskeli ya zahanati ya kupelekea dawa, iliyokuwa inaoza stoo. Daktari ameniruhusu. Mlinzi ananishika kiti nyuma, alfajiri na saa kumi, kwenye uwanja wa shule. Magoti ni changarawe. Mkono ni breki ya mbele, nilikuandikia kabisa inavyotupa watu, hukushtuka? Na kukaa siwezi kwa sababu ambayo wewe umeitengenezea sponji mbili na nafasi katikati. Inchi mbili zimekwenda na jasho, hatukuzihitaji.

Kwa nini nilificha? Kwa sababu nimekucheka mbele ya watu. Na kwa sababu ya kibarazani. Wewe unakumbuka nimenuna. Unajua nilinunia nini? Kaka yangu alinifukuza kwenye baiskeli ile tangu nina miaka kumi, utavunja, utaanguka, si yako. Halafu akakuoa, akakushika kiti nyuma jioni zote zile, unapiga kelele za furaha, mimi nachambua mchele. Sikuona kichekesho, wifi. Niliona wivu. Siku uliyotoka na mifuko yako ya kijani nilirudi ndani nikalia kidogo, halafu nikaenda stoo.

Na mwanao asidhani anachukua mtu mmoja. Ukihamia kwake mimi nitabaki nagombana na nani?

Jana jioni mlinzi aliachia kiti bila kuniambia. Nilizunguka uwanja mzima nikimtukana, nikidhani yuko nyuma. Kumbe amekaa langoni anakula karanga.

Nisubiri hapo hapo. Jumatano, nimeshaomba ruhusa, nakuja na Miwani na baiskeli juu ya paa. Mimi sina ahadi na mtu, naruhusiwa kupanda gari. Kilomita tisini za mwisho tunakwenda wawili.

Wifi yako, mteja wa ngazi

*

Jumapili, tarehe 23
Nyumba ya wageni kando ya stendi

Weweee!

Wewe mwanamke wewe! Nimesoma barua yako mara sita, mara ya saba nimemsomea mwenye nyumba ya wageni, na yeye anakusalimu.

Sikia ilivyokuwa. Saa sita kasoro, niko stendi. Basi la kurudi limeshawasha injini. Mke mwenza wameshampandisha kwenye paa, amefungwa kamba kama mfungwa, mimi mguu mmoja umeshaingia mlangoni. Mmoja, wifi! Mwingine bado uko kwenye vumbi. Nikasikia honi upande wa pili, ndefu, haikatiki, stendi nzima ikageuka. Miwani! Ameacha basi lake katikati ya barabara na abiria wake, anakimbia, miwani mkononi, kwa hiyo haoni, amemkumbatia kwanza mwuza maji. "Mama, shuka! Mama, soma kwanza!"

Nikasoma na mguu wangu mmoja juu. Kondakta anasema mama tunaondoka. Namwambia subiri. Abiria dirishani wanauliza, kuna msiba? Mimi machozi yananitoka na nimeshikilia mlango nacheka, wakadhani nimechanganyikiwa. Nikawaambia, "Wifi yangu anaendesha baiskeli!" Basi zima wakapiga makofi, hawajui hata kwa nini.

Nikatoa mguu. Unipigie muhuri na hilo: mguu mmoja si kupanda. Kupanda ni miwili.

Hilo la kibarazani nimelikalia. Ningejua ningekuita. Nilikuwa naona umenuna, sikuuliza umenunia nini, na mimi ni mtu wa kuuliza mpaka bei ya gunia tupu. Nisamehe. Ukija, utamwendesha mke mwenza, mimi nitachukua ya zahanati. Yule ni wa nyumbani kwenu kabla hajawa wa kwangu.

Njoo na mto. Kama huna, usishone, nimeshakuanzia wako.

Wifi yako wa cherehani

*

Ijumaa, tarehe 28
Kwa mkono wa Miwani

Mwanetu,

Tunakuandikia wawili, shangazi yako ndiye ameshika kalamu kwa hiyo utaisoma bila kuinamisha kichwa.

Tuko kilomita hamsini kutoka mlangoni kwako. Jumapili kabla ya chakula cha mchana simama nje. Usije kutupokea na gari. Ukija na gari tutalipita bila salamu. Weka maji ya kuoga ya watu wawili, viti visivyo vigumu, na mkeo aandae nguo zake zote zenye zipu mbovu.

Mama yako anasema niongeze kwamba jana nimeanguka mara moja tu, na nilianguka kistaarabu. Mimi naongeza kwamba yeye anaongea hata akipanda mlima, na sijui pumzi anaipata wapi.

Mama yako na shangazi yako

*

Jumanne, tarehe 8, mwezi mpya
Ofisini

Mama na Shangazi,

Natumaini Miwani atawapata barabarani. Amesema jana aliwaona mmekaa chini ya daraja mnakula ndizi, mkampungia mkono bila kusimama. Mnajua mngeweza kurudi na basi. Ahadi ilikuwa ya kuja tu. Sisemi kitu.

Sikusema vizuri ile Jumapili, nilikuwa na aibu. Nilisimama barabarani tangu saa mbili asubuhi. Nilipoona watu wawili nikadhani siyo nyinyi, maana mimi nilikuwa natafuta mwanamke mmoja amechoka. Halafu nikasikia kengele ya baba. Mama, kengele ile nilikuwa naisikia nikiwa mdogo nakimbilia mlangoni. Na aliyeipiga alikuwa Shangazi, amekaa kama alivyokuwa anakaa yeye.

Nimetimiza neno langu. Chumba cha uani nimekitoa kitanda, nimetoa na feni. Mke wangu ameuliza tutakifanyia nini. Mchana nimepita kwa fundi, nimerudi na baiskeli mbili, moja yake, moja yangu. Ziko humo.

Leo nimejaribu kuzunguka nyumba. Naomba mniambie, tena msimwambie mtu: nikifika kwenye kona nabana breki ipi kwanza? Niandikieni haraka, nina goti moja tu limebaki.

Mwanenu

*

Jumatano, tarehe 9
Chini ya daraja lingine

Mwanangu,

Ya nyuma. Polepole. Na angalia mbele.

Shangazi yako anasema usikae leo.

Mama